Mshenga na Uzi Mwekundu

Msichana wa Kichina aliyeingia katika duka la Alawi na mkewe, pale Mwanjelwa, hakutaka kitambaa wala zipu wala vifungo. Alitaka uzi, tena mwekundu. Bi Mwanakhamisi alimletea wa damu ya mzee, akaukataa. Akamletea wa waridi, akaukataa kwa adabu zake zote. Akamtolea ule mwekundu kabisa unaoshonewa bendera, na hapo msichana akatabasamu kwa meno yote.

"Huu ndio hasa niliokuwa nikiutafuta, Mama. Naomba sita."

Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtangazaji wa redio, maana alikisomea chuo kikuu huko kwao kabla ya kuletwa Mbeya kuwa mkalimani wa kampuni ya barabara. Jina lake Lin. Dereva wake, Fanueli, Mnyakyusa wa Tukuyu, alisimama mlangoni mikono mfukoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, kwa kuwa ilikuwa Julai na baridi ya Mbeya mwezi huo haimjui mwenyeji wala mgeni.

Sasa, wako watu wanaoweza kumuuzia mgeni nyuzi sita nyekundu kisha wakarudi kukaa kimya. Bi Mwanakhamisi hakuwa mmoja wao. Udadisi kwake haukuwa tabia, ulikuwa maradhi, na hajawahi kuyatafutia dawa.

"Uzi wote huu unashona nini, mwanangu?"

"Sishoni, Mama. Nasuka fundo la kumpa Fanueli. Anaoa mwezi ujao, na kwetu uzi mwekundu ndio uzi wa ndoa."

"Mimi nilimwomba blanketi," alisema Fanueli. "Blanketi, mama. Yeye kaniambia fundo."

Neno ndoa lilimtoa Bi Mwanakhamisi nyuma ya kaunta. Duka lilikuwa la mumewe na yeye, lakini ushenga ulikuwa wake peke yake. Aliurithi kwa shangazi yake, na kwa miaka ishirini alikuwa amepeleka posa za Waislamu wa mji ule, kuanzia Mbalizi hadi Mafinga. Arobaini na moja zilijibiwa ndiyo. Watu walimwamini kwa sababu moja: barua aliyopewa imefungwa ilifika imefungwa, na neno aliloambiwa alilifikisha bila kulitia chumvi. Akavuta stuli, akamkalisha Lin, na yeye akakaa.

"Haya, nieleze. Uzi na ndoa wapi na wapi?"

Lin akaeleza. Kwao, alisema, tangu zamani watu husimulia habari za mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe anayekaa kwenye mwanga wa mbalamwezi, ana kitabu kikubwa na mfuko. Kitabuni mmeandikwa majina ya wote watakaooana duniani. Mfukoni mna nyuzi nyekundu. Mtoto wa kiume akizaliwa, na wa kike akizaliwa, hata kama mmoja yuko kusini na mwingine kaskazini, hata kama wazazi wao hawapikiki chungu kimoja, mzee huja kimyakimya akawafunga uzi, mguu kwa mguu. Hakuna anayeuona. Wakishafungwa, wataoana tu.

"Kumbe ni mshenga mwenzangu!"

"Ni mshenga, Mama, ila yeye hawaulizi watu kama wanataka."

"Hapo ndipo tunapoachana. Maana kuandikiwa hata sisi tumeandikiwa, riziki ya kila mtu iko kwa Mwenyezi Mungu, lakini haitembezwi na mzee kwenye mfuko. Endelea."

Kulikuwa na kijana mmoja, Lin aliendelea, mwenye haraka ya kuoa. Akamkuta mzee akisoma kitabu chake, akamuuliza mkewe atakuwa nani. Mzee akamjibu kwamba mkewe ana miaka mitatu, na ni yule mtoto anayebebwa mgongoni na mwanamke muuza mboga mwenye jicho moja kule sokoni.

"Miaka mitatu! Na yeye bwana ana mingapi?"

"Labda ishirini, Mama."

"Ningekuwa mimi ningemrudishia kitabu chake."

Kijana alikwenda sokoni, akawaona, akaona haya mpaka akashikwa na hasira. Yeye msomi, aoe mtoto wa muuza mboga? Akamtuma mtumishi wake na kisu. Mtumishi mkono ukamtetemeka, akamkata mtoto kidogo tu, katikati ya nyusi, akatimua mbio. Miaka kumi na minne ikapita. Kijana akaposa huku akakataliwa, akaposa kule mambo yakavunjika. Mwishowe gavana mmoja akampa binti, mzuri kupita kiasi, ila siku zote alibandika ua dogo katikati ya nyusi, hata akienda kuoga. Mumewe akamuuliza kulikoni. Naye akasema kwamba alipokuwa mdogo alilelewa na yaya aliyeuza mboga, na siku moja sokoni mtu asiyejulikana akamkata kwa kisu.

Fanueli alikuwa ametoa mikono mfukoni.

Alawi, aliyekuwa juu ya ngazi akipanga majora ya vitambaa, ndiye aliyeuliza. "Na yule mtumishi aliyekwenda kukata, walimsamehe?"

Lin akafikiri. "Hadithi haisemi, Baba."

Alawi akarudia majora yake. Bi Mwanakhamisi naye alikuwa na swali, na lilimchukua muda kulitoa.

"Uzi wenyewe, mtu akiukata je?"

"Haukatiki. Unavutika, unajipiga mafundo, unapotea njia. Lakini haukatiki."

"Haukatwi na mtu yeyote? Hata mshenga?"

Lin akacheka, akidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Mwaka tisini na saba Mwanakhamisi alikuwa na miaka ishirini na miwili, kamaliza kidato cha nne, anaishi kwa shangazi yake. Shangazi alisoma Kurani kwa sauti ya kuwaliza watu, lakini mwandiko wa shule hakuujua, kwa hiyo barua zote za posa aliandika Mwanakhamisi. Siku moja akaja kijana muuza vitambaa, mrefu, masikio makubwa, anaitwa Alawi. Wazee wake walikuwa wameshamchagulia binti wa Iringa, Shufaa wa Mzee Obeid. Vijana wengine huwaachia wakubwa kazi hiyo. Huyu alikuja mwenyewe, akakaa mkekani mchana kutwa akitaka barua iwe nzuri. Wakaandika wakafuta, wakaandika wakafuta. Walipoisoma ya nne, Alawi akamuuliza, "Wewe ukiandikiwa hivi, utakubali?" Aliuliza kama mtu anayejaribu kitambaa kwa vidole, hakuwa na nia nyingine. Mwanakhamisi aliinamia karatasi, na alipoinua uso alikuwa ameshapenda.

Barua waliipeleka wenyewe, yeye na shangazi. Kwa desturi ya watu hao jibu halitoki kwa mdomo siku ile. Wenye binti hukaa, hushauriana, huandika. Jibu likaja kwa posta baada ya wiki mbili, kwa jina la shangazi, na aliyekwenda kulichukua ni Mwanakhamisi. Alilifungua njiani. Mzee Obeid amekubali, kwa mwandiko wa karani, mistari imenyooka kana kwamba imepigiwa rula. Mwanakhamisi akafika nyumbani, akawasha jiko la mkaa, akaichoma barua ile chini ya sufuria ya maharage. Kisha akaandika nyingine: tunashukuru kwa heshima mliyotupa, ila binti yetu bado ana masomo. Na Iringa nako akaandika, kwa jina la shangazi, kwamba kijana ameahirisha mambo ya kuoa. Maharage yalipoiva, kazi ilikuwa imekwisha.

Shangazi alikufa bila kujua. Aliona aibu tu posa yake kukataliwa, na ili kuifuta akamwambia mama yake Alawi, mbona mwali mwenyewe ninaye humu ndani? Miezi mitano baadaye Mwanakhamisi akaolewa. Wakapata Idrisa, wakapata na wa kike, wakafungua duka, na miaka ishirini na saba ikapita. Toka siku ile ya maharage hakufungua tena barua ya mtu.

Dhambi yenyewe alishaizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu akawa anatafunia upande wa pili. Lakini Lin alikuwa amemletea swali jipya. Kama uzi haukatiki, basi moja kati ya mawili: ama ulikuwa wake tangu mwanzo, na ile barua hata angeiacha isingeleta ndoa, au ulikuwa wa Shufaa, na huyu bwana anayelala naye kitanda kimoja mguu wake unavutwa kwenda Iringa mpaka leo. Hakujua ni lipi, na kutojua kulimnyima raha. Alitaka kuambiwa kwamba mume huyu ni wake.

Akaanza kumchunguza. Alawi kila Julai aliumwa kifundo cha mguu wa kushoto. Daktari alisema ni baridi, na kwa miaka yote Bi Mwanakhamisi aliafikiana na daktari. Sasa alichukua mafuta ya karafuu, akaupakata mguu ule mapajani, akausugua huku akiutazama kwa makini.

"Unauma kuelekea wapi?"

"Kuelekea wapi?" Alawi alishangaa. "Mguu unauma kuelekea juu."

"Hauvuti? Kama kuelekea Makambako hivi, njia ya Iringa?"

"Mama Idrisa, umelala vizuri kweli?"

Halafu kulikuwa na jambo la nyanya. Mbeya haikosi nyanya. Zinamwagwa sokoni mpaka mbuzi wanazikinai. Lakini kila Alawi alipokwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo, alirudi na tenga la nyanya za Ilula, kule mkoani Iringa. "Zina ngozi ngumu, hazipondeki," alisema, na mkewe, ambaye haamini hata saa ya ukutani mpaka aulize jirani, hilo aliliamini miaka ishirini. Sasa likaanza kumkereketa.

Mwezi wa nane akapata posa ya kupeleka Iringa, posa ya halali kabisa, ya kijana wa Mbalizi. Aliifikisha imefungwa, akanywa chai, akaaga. Badala ya kurudi stendi akapanda mpaka mtaa wa Miyomboni kuitafuta nyumba ya Mzee Obeid. Mzee alikuwa amefariki zamani. Aliyemfungulia ni Nasrin, mdogo wake Shufaa, mwanamke mchangamfu asiyeuliza sana.

"Da Shufaa? Yule kaolewa Ilula, ana wajukuu sasa hivi. Anauza nyanya pale barabarani. Ukishuka tu uliza Mama Seif."

"Nyanya," alisema Bi Mwanakhamisi, akaomba maji ya kunywa.

Ilula, basi lolote likipunguza mwendo, wauzaji hulizunguka na mabeseni kichwani, nyanya, vitunguu, kila mtu anaita. Shufaa hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa na banda lake la bati kando kidogo, ameketi kwenye kigoda akichambua, ngumu huku, laini kule. Mwanamke wa mwili, mtandio umefungwa kwa nyuma, mikono ya haraka. Na Bi Mwanakhamisi, astaghfirullah, kitu cha kwanza alichomwangalia ni katikati ya nyusi. Hapakuwa na kovu lolote.

"Kamwene, dada," alimsalimu kwa Kihehe. "Karibu nyanya."

"Kamwene. Hizi zako zinafika mpaka Mbeya?"

"Zinafika. Nina mteja wa huko." Shufaa aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu kuliko mteja anavyotazamwa. "Wewe ni yule binti aliyekuja na mshenga. Ulikaa karibu na mlango ukala maandazi matatu."

"Mawili."

"Matatu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Msichana anayeposwa anahesabu kila kitu." Akavuta kreti tupu akaligeuza chini juu. "Kaa. Umefuata nini?"

Bi Mwanakhamisi alikuwa amekuja na uongo wa aina tatu, ametunga njiani, mmoja mzuri sana. Wote ukamkimbia.

"Baba yako alikubali ile posa," alisema. "Barua niliichoma mimi."

"Najua."

Shufaa hakuacha hata kuchambua. Bi Mwanakhamisi akadhani hakusikika, akataka kurudia, na mwenzake akainua mkono wenye nyanya kumzuia.

"Baba alikuwa karani, dada. Hakuandika barua bila kaboni katika maisha yake. Kopi ilikuwa kwenye faili. Alawi alipokuja, akamtolea."

"Alawi alikuja lini?"

"Wiki tatu kabla ya harusi yenu. Alikuwa anakwenda Dar kununua vitu vya harusi, akapitia kwetu. Alitaka tu kujua kwa nini tulimkataa, jambo lilikuwa linamchoma. Ile barua yenu ya kumkataa alikuwa nayo mfukoni. Baba akamletea kopi, akamletea na ile barua ya posa mliyotuletea, wakazipanga mezani. Mwandiko wa posa na mwandiko wa kukataa ni mmoja. Ulijitahidi kuunyoosha, lakini mkono wako ni ule ule, hata mtoto angeona."

"Akasemaje?"

"Chai ikapoa mbele yake. Baba akamwambia, binti yangu bado yupo, hakijaharibika kitu. Naye akasema, nitarudi na wazee." Shufaa akatupa moja laini kwenye ndoo. "Hakurudi."

Basi la Dar likapita kwa kishindo, na wauzaji wakalikimbilia. Bi Mwanakhamisi alishukuru kelele zile kwa sababu hakujua aufanye nini uso wake. Kumbe Alawi alijua! Alisimama mbele ya kadhi, akampa mkono wa ndoa, huku anajua! Furaha na hasira na hofu vilimjia kwa mkupuo mmoja, na kati ya vyote hofu ndiyo iliyobaki.

"Nilikaa mwaka na nusu nasikiliza hodi," Shufaa alisema. "Ikipigwa hodi najua ni yeye. Mwisho akaja Baba Seif, mwanamume mzuri, simjutii hata siku moja. Lakini ule mwaka na nusu ulikuwa wangu."

Bi Mwanakhamisi akasimulia habari za mzee wa mbalamwezini, na kitabu, na uzi. Alisimulia vibaya, akirukaruka. Shufaa alisikiliza ameshika nyanya moja bila kuipima.

"Mguu kwa mguu?"

"Mguu kwa mguu."

"Basi angekuja anifungue mapema, nisingoje bure." Akacheka, mara moja tu. "Huyo mumeo anashuka hapa kila akienda Dar. Ananisalimu, namsalimu, tunaongea nyanya na mvua. Hajawahi kuomba radhi. Nadhani anaona kununua kunatosha."

"Mimi naomba radhi, Shufaa. Nisamehe."

"Yeye umemwambia?"

"Si umesema anajua?"

"Anajua kwa karatasi. Kwa mdomo wako hajajua." Sauti yake haikuwa kali, lakini haikuwa na mlango. "Siwezi kukubali uje kutulia moyo hapa kwangu, halafu huko kwako uendelee kujificha. Kaanze kule. Ukishamaliza, njoo tuongee."

Kutoka Ilula hadi Mbeya ni mwendo wa siku nzima ukitoka asubuhi, na njia yote Bi Mwanakhamisi alikuwa akilinoa neno moja: ulijua. Ulijua, ukaniacha nijifiche miaka ishirini na saba kama mwizi chini ya kitanda. Akifika Mafinga neno limepata makali. Akifika Makambako linakata kabisa. Lakini baada ya Chimala, mlima Loleza haujaonekana bado, swali jingine likamkaa kooni. Mwanamume mwenye ushahidi mfukoni, mwenye binti mwingine anayemngoja Iringa, kwa nini arudi kumwoa mwongo? Hilo lilimwogopesha kuliko yote. Huenda alimwoa kwa aibu tu, harusi imeshatangazwa. Akimuuliza atajua. Na akijua hataweza tena kutojua.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Alawi alikuwa juu ya ngazi yake.

"Baba Idrisa, shuka."

"Nakuja, nimalizie hili jora."

"Shuka sasa. Jibu la Iringa lilikuwa ndiyo. Niliichoma barua chini ya maharage."

Neno alilolinoa njia nzima hakulitumia. Alawi aliteremka ngazi moja moja, akiuonea huruma mguu wake mbovu. Akaenda akafunga milango yote miwili ya duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya soko. Akarudi akakaa kwenye stuli.

"Endelea."

Akaendelea. Alisema yote, bila kujipunguzia. Bahasha alivyoifungua njiani, barua aliyoiandika kwenda Iringa, shangazi alivyolia kwa aibu isiyokuwa yake. Alawi alisikiliza kama mtu asiyejua lolote, na alipoona mkewe amemaliza, akaanza kuuliza. Maswali yake yalikuwa mengi na ya ajabu, maswali ya mtu aliyeyaweka akiba.

"Karatasi ya kuandikia ile barua ya kukataa uliipata wapi?"

"Kwenye daftari lako. Ulilisahau siku tulipoandika posa."

"Kumbe! Ile mistari ya bluu nilikuwa naikumbuka mahali. Na kumi na nne Agosti uliiandika kwa nini? Barua yenyewe ilinifikia kabla."

"Nilikosea tarehe. Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Ulilia?"

"Sikulia. Nilikula maharage."

Alawi akacheka mpaka akafuta macho, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

"Mbona hukuniuliza?" mkewe alimwambia. "Siku ile ile uliporudi?"

"Ningekuuliza ungekiri kwa kuogopa. Nilitaka uniambie mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilingoja kila siku. Baadaye nikangoja siku za Idi. Baadaye nikaona haliji, nikazoea."

"Na kwa nini ulinioa?"

Lilimtoka kwa sauti ndogo. Nje mtu aligonga mlango akiulizia bitana, akaondoka.

"Tulipozipanga barua mezani nilikuona wewe," Alawi alisema. "Binti wa heshima, anamjua Mungu, amekaa akaandika dhambi kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili yangu. Mimi huyu, na masikio haya. Nikasema, huyu mtu lazima nimjue. Mzee Obeid alikuwa anazungumza, mimi simsikii. Nilikuwa nataka kurudi Mbeya nikakutazame."

Joto lilimpanda Bi Mwanakhamisi kutoka miguuni hadi masikioni. Hili ndilo alilolifuata hadi Ilula, nalo lilikuwa humu dukani, juu ya ngazi. Hakuna mzee aliyemfunga mtu huyu. Alirudi kwa miguu yake. Angeweza kuishia hapo, akampikia wali, wakacheka mpaka jioni, na nani angemlaumu? Alitamani sana kuishia hapo.

"Shufaa alikungoja mwaka na nusu," alisema.

Alawi akageuza kichwa. "Alikwambia hivyo?"

"Ulimwambia baba yake utarudi na wazee."

"Nilisema ili niondoke. Nilidhani wataelewa."

"Alikuwa anasikiliza hodi. Kila hodi alidhani ni wewe."

Kwa miaka ishirini na saba Alawi alikuwa amejiona ndiye aliyekosewa, akasamehe, akanyamaza kiungwana, na labda alijipenda kidogo kwa ajili hiyo. Sasa mkewe alimwona akizeeka mbele yake, mabega yakishuka, na alimhurumia kwa moyo wote, lakini maneno hakuyarudisha.

"Nimesimama pale bandani kwake mara ngapi?" hatimaye alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

"Hukumuuliza."

"Tunakwenda lini?"

"Kesho."

Akainuka, akaenda mlangoni, akashika komeo bila kulifungua. "Utanisemea, Mama Idrisa? Wewe ndiye unayejua kuzungumza na watu. Mimi nitaanzia wapi?"

Bi Mwanakhamisi alikuwa amewasemea wengi, vijana wenye vigugumizi, wajane, hata mzee mmoja wa Chunya aliyeona haya kutaja jina la anayemtaka. Alimtazama mumewe, mkono umekwama kwenye komeo.

"Hapana," alisema. "Kwa Shufaa kila mtu atajisemea mwenyewe. Na wewe utaanza."